Wala Karatasi wa Lango la Bohar

Rimu ya karatasi ilikuwa mpya, imefungwa gundi pande zote, na Naheed aliifungua kwa kucha zake mwenyewe. Karatasi ya juu ilikuwa imeliwa kona. Haikuchanika, ililiwa. Palikuwa na alama za meno madogo yaliyopangana vizuri, na ukingo ulikuwa bado umelowa mate.

Akainua ya pili. Imeliwa. Ya tatu vilevile, ya kumi vilevile. Alifika katikati ya rimu ndipo akaikuta karatasi nzima.

"Baba Mahrukh," alimwita mumewe, "njoo uone panya wa ajabu."

Iftikhar akaja akijifuta wino mikononi. Akaigeuza ile karatasi juu chini, akalitazama na ganda la rimu lililokuwa zima kabisa.

"Panya gani huyu anakula bila kutoboa mfuko?" Kisha akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. "Atakuwa panya wa serikali. Unaona pengo tu, mlango alioingilia huuoni."

Naheed naye akacheka. Rimu wakaisukuma pembeni, kazi ikaendelea.

Duka lao la kuchapa lilikuwa ndani ya Lango la Bohar, mjini Multan, katika kichochoro ambacho jua hukifikia saa ya adhuhuri tu. Walichapa kadi za harusi, mitihani ya shule, fomu za mahakama. Waliishi juu ya duka. Nyuma palikuwa na ua mdogo wenye kisima kilichokauka tangu enzi za babu, kimefunikwa kwa mfuniko wa chuma.

Aliyeanzisha duka ni baba yake Iftikhar, Mzee Allah Ditta. Kwa miaka arobaini mzee yule alikuwa na desturi moja ambayo hakumwachia mtu. Kila jioni aliyakusanya makaratasi yaliyoharibika, kurasa zilizotoka tupu, kadi zilizokosewa majina, akayatia guniani, akayabeba mwenyewe hadi kisimani na kuyamimina. Alifunika, akanong'ona neno, akarudi. Watu wakimuuliza kwa nini asimuuzie muuza bajia afungie bajia zake, alijibu kwamba karatasi iliyoandikwa ina majina ya Mungu, si ya kupangusia mafuta. Lilikuwa jibu la mcha Mungu, hakuna aliyelichimba zaidi.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi nao. Iftikhar akaendelea kumwaga gunia kisimani kwa mazoea, kama mtu anayemwagilia ua la marehemu.

Programu ya kompyuta ya kubana karatasi na wino ililetwa na Naheed. Aliiona kwenye ofisi ya shule moja alikopeleka mitihani, akaomba wamwekee, akarudi nayo ameificha kwenye mkoba kama aliyeiba pipi. Ilikuwa na roho ya mama mkwe bahili. Kabla kurasa hazijakwenda kwenye printa, yenyewe ilizipitia moja moja. Ukurasa mtupu iliufuta. Mistari miwili iliyovukia ukurasa wa mwisho iliivuta ikairudisha nyuma. Herufi ilizitoboa vitundu visivyoonekana kwa jicho, ili wino uende mbali. Picha iliyoiona haina kazi iliipiga alama nyekundu ya mkasi, ikauliza: *Haihitajiki. Niondoe?* Na chini ya skrini palikuwa na jani la kijani, na ndani ya jani tarakimu: karatasi ulizookoa.

"Kompyuta imetuzidi akili," Iftikhar alisema siku ya kwanza. "Tungeioa mapema."

"Wewe umeshaoa," Naheed akamjibu. "Na huyo pia nimekuletea mimi."

Wiki ya tatu gunia likawa tupu. Hapakuwa na karatasi mbovu hata moja ya kumwaga.

Mzee Allah Ditta aliliona gunia limekunjwa ukutani, akaanza kulia. Alilia bila sauti, mdomo umepinda, na mkono wake wa kushoto ukawa unainuka na kupinduka, unainuka na kupinduka, kama mtu anayemimina kitu. Naheed akamletea maji. Akayatema. Akaleta maziwa. Akakipiga kikombe kikaruka.

"Abba anataka nini?" mjukuu wake Mahrukh, mtoto wa miaka tisa aliyemwita babu yake Abba, aliuliza.

"Amechoka tu, mwanangu. Joto."

Kulikuwa na joto kweli. Ilikuwa Juni, na umeme ulikatika kila siku adhuhuri. Saa ile kichochoro kizima hulala. Naheed alikuwa peke yake dukani, feni imesimama, aliposikia kutafuna. Kulikuwa kutafuna kwa taratibu, kwa adabu, kama wazee wanavyokula mbele za wageni, na sauti ilitoka ndani ya trei ya printa. Alipoivuta trei sauti ikakoma. Karatasi zote zilikuwa zimeliwa pembe nne, zimebaki duara kama chapati. Harufu ikampanda puani, ya wino mbichi na kitu kingine, kama kinywa cha mtu aliyefunga siku nyingi.

Hakumwambia mumewe. Alijiambia ni joto.

Ijumaa iliyofuata walihitaji nakala ya cheti cha familia ili kufanya upya kitambulisho cha mzee. Naheed akakiweka kwenye mashine, kikatokea kwenye skrini: majina yao wanne na picha zao nne zimepangwa kwa safu. Kabla hajabonyeza chochote, mkasi mwekundu ukajiweka juu ya picha ya mkwewe. *Haihitajiki. Niondoe?*

Akabonyeza hapana. Mkasi ukaondoka, ukarudi. Akabonyeza hapana mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya tano haukuuliza tena. Printa iliamka yenyewe ikatoa cheti chenye watu watatu, na chini ya skrini lile jani likaongeza namba moja.

Siku ya tatu yake, Mzee Allah Ditta alifariki wakati wa sala ya adhuhuri.

Waliomwosha walitoka, hawakutaka kumtazama mtu usoni. Mmoja wao, binamu yake Iftikhar, ndiye aliyemvuta kando akamnong'oneza.

"Mzee alikuwa anakunywa nini?"

"Hanywi kitu. Kwa nini?"

"Ulimi wake mweusi, ndugu yangu. Mweusi wa wino. Na meno yote."

Jeneza liliponyanyuliwa, wanaume wanne walikuwa wamejikaza kwa uzito wa mtu mzima. Nusura walirushe juu. Lilipanda kama kapu tupu, na wale wanaume wakatazamana huku midomo yao ikiendelea kutaja jina la Mungu, kwa sauti ya chini kuliko walivyoanza.

Baada ya arobaini, zamu ikaja kwa mtoto.

Naheed aliliona jambo kwenye ngazi. Mahrukh alikuwa mtoto wa kishindo, akishuka ngazi nyumba nzima ilijua. Sasa alitokea tu pembeni yako. Kisha yakaja madaftari, ambayo mwalimu alimrudisha nayo nyumbani akidai mtoto haandiki, na kweli kurasa zilikuwa nyeupe, ingawa Naheed mwenyewe alikaa naye jioni iliyopita akimwona anaandika mstari kwa mstari. Kisha siku moja alimwinua amvushe mfereji wa maji machafu, na mikono yake, iliyozoea uzito ule tangu kuzaliwa kwake, ilipanda bure mpaka juu ya kichwa, na mtoto akawa huko juu anamtazama mama yake kwa utulivu, nywele zinapepea ilhali upepo haukuwapo.

"Amma," Mahrukh akasema kwa kunong'ona, "wale watoto wa uani wanasema mimi ni mtamu kuliko Abba."

Jioni ile Naheed aliifuta programu kwenye kompyuta. Akachapa cheti cha familia kwa mashine tupu, bila programu yoyote, apate kuhakikisha. Kikatoka na watu wawili, yeye na mumewe.

Iftikhar hakucheka. Alivaa viatu akaenda kumtafuta Bibi Sughra.

Bibi Sughra alikuwa mshonaji wa mablanketi ya pamba nyuma ya kinu cha kuchambulia pamba, mwanamke mnene, mkali wa maneno, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nyusi. Kusomea watu ilikuwa kazi yake ya pili, na hakuipenda. Alifika mchana, akakataa chai, akaketi sakafuni dukani na bakuli la maji mbele yake. Akaamuru mtoto apakatwe na mama yake.

"Usimwachie," alimwambia Naheed. "Hata akikuomba kwa sauti yako mwenyewe."

Akaanza kusoma. Alisoma muda mrefu, na kwa muda huo hapakuwa na kitu ila joto na jasho na nzi mmoja kwenye ukingo wa bakuli, hata Iftikhar akaanza kuhema vizuri, ndipo rimu zilizokuwa kwenye rafu zikaanza kujifunua zenyewe, karatasi moja ikiinama juu ya nyingine kama vidole vinavyohesabu, na ile harufu ya kinywa kilichofunga ikapanda kutoka uani ikapita chini ya mlango ikajaa duka zima, na Mahrukh akafungua mdomo, lakini midomo yake haikucheza, na sauti iliyotoka haikuwa moja, zilikuwa nyingi, nyembamba, zikipishana kama kurasa za kitabu zinazopepetwa kwa dole gumba.

"Alitulisha miaka arobaini," zikasema. "Tukaoa. Tukazaa. Gunia likakauka. Watoto wetu wale nini?"

"Mlipatana naye nini?" Bibi Sughra akauliza, sauti yake imeshuka.

"Masalio yawe yetu, nyumba iwe yake."

"Masalio yatarudi. Leo hii."

Zikacheka, kicheko kama karatasi inayokunjwa. "Karatasi tulikula kwa kutokujua."

Bakuli likapasuka katikati. Mtoto akalala.

Hata hivyo walijaribu. Nani asingejaribu? Iftikhar akawasha mashine zote, akachapa kadi za harusi ambazo hakuna aliyeziagiza, maelfu, kwa wino mzito usiobanwa, na yeye na mkewe wakabeba magunia wakamimina kisimani mpaka mikono ikafa ganzi. Asubuhi wakayakuta makaratasi yote mlangoni pa duka. Yamekauka, yamenyooshwa, yamepangwa rimu rimu, kingo zimelingana. Hata moja haikuwa na alama ya jino.

"Siwawezi hawa," Bibi Sughra alisema aliporudi. Alisimama nje, hakuvuka kizingiti. "Mbuzi ambaye hajaonja shamba huondoka kwa kelele tu. Hawa wameonja."

"Tutahama," Iftikhar akasema. "Leo."

"Mkiiacha nyumba tupu watawafuata. Ahadi waliifunga na mwenye kukaa humu." Akakuna nyusi zake zenye pamba. "Ila akiingia mwingine kwa hiari yake, akapika humu, akala, akalala, watamshika yeye ndiye mwenyeji."

"Kwa hiyo tumwite binadamu mwenzetu aje aliwe?"

"Mimi sijasema mwite mtu. Nimesema jinsi mambo yalivyo."

Akageuka akaenda zake. Hakudai kitu.

Siku tatu Iftikhar alikataa. Alisema afadhali wafe wote. Alikaa usiku na mchana amemfunga Mahrukh kwa kitambaa kiunoni mwake, maana mtoto alikuwa sasa akipigwa na upepo wa feni anasogea. Siku ya nne Mahrukh hakuweza kushika kikombe. Kikombe kilikuwa kizito kuliko yeye. Naheed akachukua karatasi, akaandika kwa mkono, NYUMBA NA DUKA VINAPANGISHWA, akabandika nje. Mumewe alimtazama akibandika. Hakumzuia. Wala hakumsaidia.

Aliyekuja ni mwalimu wa hesabu aitwaye Sajjad, kijana mpole aliyechoka kufundisha, akitaka kujaribu bahati ya kuchapa mitihani. Mkewe Robina alikuwa mjamzito wa miezi minne. Alileta kopo la halua ngumu ya Multan, akampa Naheed kwa mikono miwili.

"Dada, nisamehe kwa kuuliza sana," alisema, akipita chumba kwa chumba, kiganja kwenye tumbo. "Nyumba haina shida yoyote? Mchwa labda? Karatasi na mchwa, unajua tena."

Naheed akamtazama tumboni. Akamtazama usoni. Kule juu, Mahrukh alikuwa amelala na kitabu kimewekwa juu ya kifua chake asiinuke.

"Haina mchwa," akasema.

Wakahamia Khanewal, Iftikhar akapata kazi katika duka la mtu. Na Mahrukh akapona. Hilo ndilo lililomuua Naheed polepole. Mwezi wa kwanza mtoto alianza kusikika akitembea. Mwezi wa pili akavunja ubao wa kitanda kwa kuruka, na Naheed akakaa sakafuni karibu na ule ubao akalia, asijue analilia furaha ama nini. Yeye na mumewe hawakutajiana jambo lile hata siku moja. Waliongea habari za chumvi, za viatu vya mtoto, za mvua. Iftikhar aliacha mizaha kama watu wanavyoacha sigara.

Naheed akawa anahesabu miezi kwa vidole. Mitano, sita, saba ya mimba ya mwenzake. Ilipopita ya tisa, hakuweza tena. Alimpigia Robina simu, na Robina akapokea kwa sauti ya kawaida kabisa, akamwambia kwamba sasa wanakaa mtaa wa Gulgasht, njoo.

Alimkuta kwenye nyumba ya kupanga yenye mwanga, ananyonyesha. Robina hakusalimia kwa maneno mengi. Alimtoa mtoto titini akamweka moja kwa moja mapajani pa Naheed. Mtoto wa kiume. Mzito, wa joto, mapaja yamejaa mikunjo.

Naheed akabubujikwa na machozi. "Mungu amewaokoa," akasema. "Robina, mdogo wangu, nina neno la kukuambia. Ile nyumba—"

"Nalijua."

"Hulijui. Mimi nilijua tangu mwanzo. Nilikutazama usoni nikakuambia—"

"Haina mchwa." Robina alimchukua mtoto wake, akamfunika kichwa kwa mtandio. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwezi mmoja tu baada ya kuingia, nikawa nalala chali simsikii tumboni. Daktari anasema yupo, mimi simsikii. Ulidhani Bibi Sughra anakujua wewe peke yako?"

Nje muuza mboga alikuwa akipita, akitangaza bamia.

"Mmempa nani?" hatimaye Naheed akanong'ona.

"Si nyumba yako? Umetoka Khanewal kote huko, hutaki kuiona?" Robina akafungua mlango, akausimamia mpaka mgeni akatoka. "Na usirudi hapa, dada. Sina halua nyingine."

Ilikuwa karibu adhuhuri Naheed alipoingia kichochoroni. Aliusikia mlango kabla ya kuuona. Sauti nyembamba, nyingi, zikisoma kwa pamoja jedwali la kuzidisha. Kibao cha duka kilikuwa kimeondolewa, na mahali pake pamepakwa rangi ya samawati, na maua, na jua linalotabasamu: Shule ya Awali.

Alisukuma mlango. Pale zilipokuwa mashine palikuwa na mikeka, na juu ya mikeka watoto zaidi ya thelathini wamepanga mistari, daftari magotini, wanaandika. Hapakuwa na mmoja aliyemgusa mwenzake. Hapakuwa na aliyekohoa.

Mwalimu, mwanamke wa makamo mwenye uso mwema, akamjia kwa furaha.

"Karibu, mama. Umeleta mtoto? Nafasi mbili zimebaki."

"Funga shule," Naheed akasema. "Leo. Warudishe makwao. Mimi nilikuwa mwenye nyumba hii. Kuna vitu humu, uani, kisimani, vilimla baba mkwe wangu. Tafadhali. Nakuapia kwa Mungu."

Mwalimu alimtazama kwa huruma, kama watu wa pale wanavyowatazama wanawake waliopotewa na akili wanaokaa kwenye milango ya makaburi ya mawalii. Akamshika bega.

"Joto, mama. Kaa upumzike, nikuletee maji. Mimi nimefundisha miaka ishirini, sijapata kuona watoto wenye utulivu kama hawa. Wazazi wenyewe wanashangaa."

Katika mstari wa mbele mtoto mmoja wa kike alikuwa amesinzia juu ya daftari lake. Mwalimu akainama apishe njia, akamshika kwenye ukosi wa gauni, na akiendelea kumtabasamia mgeni wake, bila hata kumwangalia yule mtoto, akamwinua kwa vidole viwili akamweka kando.